Marekebisho Hayafiki Nyotani

Mwaisha alifika redioni mchana kurekebisha habari za kifo chake.

Laurenti, msomaji wa matangazo ya vifo katika kituo kimoja kidogo cha Morogoro mjini, alianza kuomba radhi kabla mgeni hajaketi. Yeye ndiye aliyelisoma tangazo lile. Said, kaka yake Mwaisha, alikuja na macho mekundu, akasema dada yake amefia Muscat alikokuwa akifanya kazi za ndani, na amezikwa hukohuko. Nani humkatalia mfiwa? Laurenti akalisoma kwa ile sauti yake nzito inayowafanya watu wa Mlali waache majembe wasikilize.

Mama yao alilisikia akiwa jikoni. Hakumaliza mwezi. Na kwa Waluguru shamba la mama huwafuata mabinti, lakini binti mwenyewe alikwisha kuwa marehemu, basi Said akaliuza lote mpaka ukingo wa mto, akajijengea nyumba ya bati la rangi. Mwaisha alirudi likizo akakuta kaburi la mama na migomba ya mtu baki. Roho ilimuuma mpaka akashindwa kulia.

Laurenti alisema atatangaza papo hapo kwamba Mwaisha yu hai. Mwaisha akamwuliza kama hasikilizi redio yake mwenyewe. Juzi tu, Abdulatif, mhadhiri wa chuo kikuu, aliulizwa hewani kama viumbe wa sayari nyingine wanaweza kunasa matangazo yetu. Akajibu kwamba mawimbi yakishatoka kwenye mnara hayarudi. Huuvuka Uluguru, huupita mwezi, huenda zake nyotani. Aliongeza kwamba hufifia mno njiani, na wa kuyanasa awe na masikio makubwa kuliko mlima. Hilo Mwaisha hakulishika. Mwenye hasira huokota neno analolitaka.

"Huko juu mimi nimekufa, kaka Laurenti," alisema. "Ukinifufua leo, marekebisho yako yatalifuata tangazo la kwanza kwa mwendo uleule, na hayatalifikia abadani. Na mama hayupo wa kuyasikia."

Laurenti akauliza kwa upole kama amekwisha kuonana na Said.

"Natoka kwake. Nimempikia uji, tumezungumza, yameisha."

Mtangazaji akashusha pumzi. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Heri hawa wamepatana, maana kesi ingekiangukia kituo. Mwaisha alipoomba aseme mwenyewe hewani, alimsogezea kipaza sauti kwa mikono miwili.

Mwaisha alitaja jina lake, akataja la mama yake. Kisha, bila kutetereka, akatangaza kifo cha Said, kilichotokea leo nyumbani kwake Mlali, mazishi kesho baada ya sala ya adhuhuri, habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo, duniani na kwingineko.

Laurenti akazima mitambo. Alimwuliza kama anaijua adhabu ya kutangaza kifo cha mtu.

"Mbona Said hakuipata?"

Moyoni Laurenti alimwelewa. Jino kwa jino, tangazo kwa tangazo. Naye Said atembee nyotani akiwa maiti, aone utamu wake. Lakini kituo kingefungwa. Akamtia Mwaisha kwenye gari la kazini, wakaondoka kwenda Mlali, akamwombe kaka yake radhi mbele ya watu. Mwaisha hakubisha. Njia nzima alikuwa akiitazama milima, na uso wake ulikuwa na raha ambayo Laurenti aliiona haina adabu.

Walikuta wanawake wamekwisha kujaa uani, kanga vichwani, na wanaume wakishusha mabenchi. Walisema wamebisha hodi, hawakuitikiwa. Laurenti, aibu imemjaa, aliwaambia warudi makwao, mwenye nyumba ni mzima, hizi ni hasira za ndugu tu. Mwaisha akampa ufunguo.

Said alikuwa amelazwa kuelekea kibla, macho yamefumbwa vizuri, taya limefungwa kitambaa.