Shahidi wa Ukutani

"Simamisha hapo!" alifoka Commandant Sévère, na uso wa Modeste ukaganda ukutani, mkubwa kama mlango, mdomo wazi, tawi la mchikichi mkononi.

Modeste mwenyewe alikuwa ameketi sakafuni chini ya picha yake, mikono imefungwa nyuma. Uso wa ukutani ulikuwa unacheka. Ule wa sakafuni ulikuwa umevimba.

"Commandant, filme ikisimama sana itaungua," alisema Thaddée, katekista aliyeendesha mashine ya filamu ya parokia.

Picha ikazimwa, darasa likarudi gizani. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa mikeka, na joto lilikuwa la kutia watu wazimu, ingawa ilikuwa saa nne tu ya asubuhi.

Filamu ilitoka Ulaya. Televisheni ya huko ilikuwa imeionyesha kwenye habari za vita, na serikali ikapata nakala. Pale Uvira hakuna aliyewahi kuona televisheni, lakini sauti ya mtangazaji wote waliisikia, Kifaransa kilichonyooka kabisa: Uvira, Mei 1964, wananchi wanawapokea waasi kwa ngoma. Mtu mwenye sauti kama ile utambishia nini?

Sasa ilikuwa Novemba. Jeshi lilikuwa limeuchukua mji tena, na waliowapokea waasi walikuwa wanapigwa risasi nyuma ya bohari ya pamba. Kwa Modeste ilibaki sahihi tu ya kolonel aliyekuja kutoka Bukavu, ambaye sasa alikuwa ameketi mezani mbele ya darasa. Jeep ya kolonel ilikuwa inanguruma nje, haijazimwa, kwa kuwa alitaka kupita Luberizi kabla mvua haijaharibu barabara.

"Ile haiko Mei!" Émérance, mke wa Modeste, alilia kutoka benchi la nyuma. "Ni siku ya dipanda, mwaka wa sitini! Muzungu mumoja alikujaka na mashine yake, akatupiga picha tukicheza uhuru. Ile chemise ya bwana yangu niliiunguzaka na pasi mwaka wa sitini na moja. Angeivalaka namna gani Mei ya mwaka huu?"

"Chemise haiko na tarehe, mama," alisema commandant, na askari wakacheka.

Nusu ya watu waliojaa mle ndani walikuwa wamecheza siku ile ya uhuru. Wangeweza kusema. Lakini kusema "ninajua, nilikuwepo" ni kujiingiza mwenyewe kwenye filamu, kwa hiyo kila mmoja alitazama miguu yake. Aibu hiyo waliibeba miaka mingi baadaye.

Commandant hakuweza kutulia. Alitembea mbele ya meza, akageuka, akatembea tena, tumbo likimtangulia. Alivua bereti aliyozoea kuivuta hadi kwenye sikio la kushoto, akajifuta jasho kichwa kizima, akaivaa upesi.

Émérance alimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akaacha kulia.

"Mon colonel," alisema, akisimama. "Minye naomba kitu kimoja tu. Tuone ile filme mpaka mwisho. Tangu asubuhi inasimamishwa palepale."

"Mwisho iko nini?" aliuliza kolonel, jicho moja kwenye saa yake.

"Iko muntu. Alishikana mikono na bwana yangu, wakacheza pamoja. Yeye anajua ni mwaka gani."

Commandant alicheka kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyeongezewa nyama kwenye sahani.

"Shahidi! Muzuri sana. Mon colonel, tumuone basi. Lakini sikia, mama. Kila muntu aliyecheza pale iko muasi. Huyo shahidi wako nikimupata, nitamufunga mi mwenyewe, asimame pembeni ya bwana yako. Hatutakosa risasi."

"Weye unasema vile mbele ya bantu wote?"

"Nimesema."

"Mon colonel amesikia?"

"Nimesikia," alisema kolonel kwa kuchoka. "Washa, tumalize."

Modeste aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, akamtikisia mkewe: hapana, usiongeze mtu mwingine. Yeye alikumbuka ngoma tu na vumbi, hakukumbuka ni nani alikuwa ameshikana naye. Émérance hakumwangalia. Kama kamera ya yule mzungu iligeukia upande mwingine siku ile, basi ameshamuua mume wake kwa mdomo wake mwenyewe.

Thaddée aliomba Mungu ukanda usikatike, akawasha.

Modeste wa ukutani alicheka tena, akapunga tawi tena. Sauti ya mtangazaji ikarudia maneno yake yaleyale kuhusu waasi. Safari hii hakuna aliyesimamisha. Modeste akanyoosha mkono wa pili nje ya picha, akamvuta mtu ndani: askari mmoja mwembamba sana, mwenye kaptura, kofia mkononi, anayecheza kama magoti yake hayana mifupa. Wakazunguka pamoja mara mbili. Askari akageuka, akacheka moja kwa moja kwenye kamera, jua likimpiga ubavuni mwa kichwa. Sikio lake la kushoto halikuwa na ncha.

"Simamisha hapo!"

Safari hii aliyesema ni kolonel.

Picha ikaganda. Thaddée akaiacha iungue kama itaungua. Darasani watu wote waliinua macho kutoka kwenye miguu yao, wakatazama ukuta, kisha wakatazama bereti.

Émérance alitembea hadi mbele, akaweka kidole juu ya uso ule mwembamba unaocheka.

"Mon commandant," alisema kwa upole, "utuambie weye mwenyewe. Hapa ni mwaka gani?"