Shimo la Kidole Gumba

Mwalimu wa madaktari alibonyeza mguu wa mume wangu kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo. Alipokiondoa, shimo likabaki palepale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Nani ataniambia kwa nini?"

Wanafunzi sita walikizunguka kitanda. Ilikuwa siku yao ya kwanza wodini. Miaka miwili mizima walisomeshwa vitabu tu, mgonjwa hawajamgusa. Mmoja wao alikuwa mjukuu wetu.

Jibu alikuwa nalo. Hata mimi niliyeishia darasa la saba nilikuwa nalo, maana sura ile tuliisoma pamoja mezani, nikimgeuzia kila ukurasa kuwa kitendawili.

"Pampu ikichoka, maji hujaa bondeni," nilimtegea.

"Moyo ukidhoofika, miguu huvimba," akategua bila hata kufikiri. Babu yake alikuwa amekaa nasi hapohapo, anatucheka.

Sasa babu huyo akamtania kutoka kitandani, huku akihema. "Sema basi, daktari wangu. Au vitabu vimekutoroka?"

Mwalimu alipapasa lile shimo. "Uvimbe huu si wa jana," akasema taratibu. "Una mwaka, pengine zaidi. Angeletwa mapema, tungekuwa na mengi ya kufanya."

Mjukuu wangu hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi.

"Bibi," akasema, "kila jioni ni mimi niliyekuwa namvua soksi. Zilikuwa zinambana. Nikamnunulia kubwa zaidi."