Sauti ya Christiane

Kila asubuhi Plamedie, fundi wa kompyuta, huweka maji ya chai motoni, kisha huiuliza seva ya redio imebakiza nafasi kiasi gani. Siku hiyo maji hayakuwahi kuchemka. Papa Alexis, mkurugenzi, aliingia bila kubisha, visikizio masikioni kama kawaida.

"Habari za leo hazikurekodiwa tena! Jana nilikuambia nini? Futa vipindi vya marehemu Christiane. Redio haiko makaburi."

"Nilifuta, papa."

Alichomoa kisikizio kimoja. "Unasema?"

"Nilifuta."

"Basi diski imejaa na nini? Na mafilme yako ya mapenzi? Diplome yako iko ya kufungia karanga! Ikifika saa sita ingali imejaa, unarudia kwenu Kipushi."

Akarudi ofisini, akajifungia.

Plamedie alizima jiko, akamsonya kimoyomoyo. Mtu gani huyu? Christiane aliwasomea watu wa Lubumbashi matangazo ya vifo mpaka sauti yake ikawa kama ya ndugu. Alipokufa yeye, tangazo lake lilisomwa na Papa Alexis, mbiombio, kama bei ya unga. Matangani hakukaa hata kitako. Aliwapa watu mkono, akaondoka. Moyo wa jiwe, na jiwe lina afadhali, mtu hulijengea.

Akajumlisha mafaili yote: nusu ya diski. Akaiuliza diski yenyewe: imejaa pomoni.

Hapo akaelewa. Faili likifutwa huku programu fulani bado imelifungua, jina tu ndilo hutoweka. Lenyewe hubaki mpaka programu hiyo iliachie. Ikiliachia, limekwenda moja kwa moja, hakuna wa kulirudisha.

Aliitafuta programu hiyo, akaipata. Ilishikilia faili moja kubwa, vipindi vyote vya Christiane, likichezwa tokea wiki ya mazishi. Mvivu fulani alisahau kulifunga. Plamedie hakujisumbua kutazama ni nani.

Kidole kilisita juu ya kitufe cha kuifunga programu. Ile sauti pole...

Basi. Mkubwa ametaka litupwe, litupwe. Akabonyeza.

Nusu ya diski ikawa wazi papo hapo. Akatabasamu kwa dharau, akanyoosha mkono kuwasha tena jiko.

Mlango wa mkurugenzi ulifunguka polepole. Papa Alexis alisimama kizingitini, visikizio vikining'inia mkononi.

"Plamedie, mwanangu," alisema, "umurudishe. Nilimupendaka."