Meza ya Ghorofa ya Saba

Sheria iliwakataza waokoaji kuamini neno la mpigaji simu kuhusu mahali alipo. Waliamini simu yake tu. Simu ya Mwanaidi ilikuwa ya ofisi. Aliruhusiwa kufanyia kazi nyumbani, lakini katika mfumo wa simu wa kampuni simu hiyo ilisajiliwa kwenye meza yake, ghorofa ya saba, katikati ya mji.

Mumewe, Nuhu, alikuwa amelala kwenye sakafu ya jikoni, mkono kifuani. Jirani mwenye gari alikuwa kazini.

"Niko nyumbani, kaka yangu, Mtaa wa Mikoche!" Mwanaidi alimwambia mhudumu wa simu za dharura.

"Dada, simu yako iko ghorofa ya saba."

"Simu inadanganya!"

"Kila anayepiga husema hivyo. Tulia, vijana wanapanda ngazi."

Mwanaidi aliubana mkono wa Nuhu. Ulikuwa umeanza kupoa.

"Wamefika mezani," mhudumu alisema. "Wameona sweta kitini. Mgonjwa yuko wapi?"

"Huku kwangu! Nimekwambia!"

"Basi watamsubiri hapo. Hawaruhusiwi kuondoka kabla hajaonekana."

Nuhu alifumbua macho kwa shida. "Wamefika?"

Mwanaidi aliutazama mlango.

"Wamefika," alimjibu, kwa kuwa ilikuwa kweli.