Chini ya Giaboksi

Mbaraka alikuwa ameketi nyuma ya usukani akitazama geji mpya ya joto la giaboksi, huku dada yake Chausiku akiwa chini ya gari akikaza kihisi cha geji hiyo. Ghafla jeki ikateleza, gari likainama upande mmoja.

"Chausiku!" aliita, mkono ukiwa tayari mlangoni.

"Usishuke, kaka! Ukitikisika tu, litaniangukia!"

Mbaraka akaganda. Jasho lilimwingia machoni, hakuthubutu kulifuta. Alisikia nguo ikiburuzwa kwenye changarawe, ikanasa, ikachanika. Kisha kimya.

Hatimaye Chausiku akasimama dirishani, uso umejaa oili. "Nimetoka. Sasa shuka, polepole."

Mbaraka alimtazama dada yake, mkono mmoja bado uko mlangoni, mwingine umeng'ang'ania usukani.