Duma Afungwa Kamba na Swala

Wanyama walipokubaliana kwamba siku za michezo hakuna atakayemla mwenzake, Swala asiyeona aliomba wa kumwongoza mbioni. Duma, ambaye hakuwahi kushindwa mbio, akajitolea. Wakafungwa pamoja kwa kamba fupi.

"Kiongozi akitangulia kukanyaga mstari wa mwisho, nyote mmeshindwa," alisema Kobe, mwamuzi.

"Yaani mimi nimalize nyuma ya swala?" Duma alicheka. "Haya, bwana mwamuzi."

Mbio zikaanza. "Kulia kidogo," Duma alielekeza. "Nyooka. Sasa kaza."

Walipokaribia mwisho, mshindani wao Nyumbu naye akiwafikia, Duma alichomoka mbele kama alivyozoea. Kamba ikavutika.

"Mbona umenyamaza, kaka?" Swala aliuliza, bila kupunguza mwendo. "Nakusikiliza wewe tu."

Duma akajizuia. "Mbele yako ni peupe, dada. Nenda."

Swala akapita wa kwanza. Uwanja mzima ukasimama. Wote walishamwona Duma nyuma ya swala, lakini si hivi.

"Huo mstari ukoje?" Swala aliuliza akihema.

"Miaka yote nilikuwa naupita tu," alijibu Duma. "Leo ndiyo nimeuona, chini ya kwato zako."