Herufi ya Kwanza ya Vân

Katika mji ule, sheria iliamuru kila neno la Kivietinamu liandikwe kama mababu walivyolitamka zamani za kale, pamoja na herufi ambazo midomo ilikwisha kuzisahau. Jiwe la kaburi lenye jina lililokosewa lilikuwa likivunjwa. Ndiyo maana Thoa, aliyekuja kuagiza jiwe la kaburi la mwanawe Vân, alikuwa amepiga magoti mbele ya mchonga mawe, akilia.

"Vân yupi, mama?" fundi aliuliza tena. "Vân wa wingu ana herufi yake ya kwanza, na Vân wa nakshi ya kitambaa ana nyingine. Siku hizi tunawatamka sawa, lakini hawaandikwi sawa."

"Mimi nilimwita tu, naye akaitika. Baba yake ndiye aliyempa jina."

Mafuriko yalikuwa yamewachukua wote wawili, na mto ulikuwa umemrudisha mtoto peke yake.

"Siku aliyozaliwa, kulikuwa na mawingu?"

"Mvua ilikuwa inanyesha. Na uchungu ulinishika nikifuma kitambaa cha maua."

Fundi akashusha nyundo. Waliobeba jeneza walikuwa wakingoja mlangoni.

"Siwezi kubahatisha, mama. Nikikosea, watalivunja."

"Basi chonga herufi zilizobaki," Thoa akasema, akaweka kiganja juu ya jiwe, mahali pa herufi ya kwanza.

Fundi akainua tena nyundo, akaanza kugonga. Vumbi jeupe likaufunika mkono wa mama yule, naye hakuuondoa.